Mama amepumzika

Makambako, Jumanne jioni

Hili grupu letu la WhatsApp la wanaouguza wagonjwa wa sukari linanitia kichefuchefu.

Tangu Jumapili nauliza: kidonda cha mama kwenye kidole cha mguu kimeanza kunuka, nani amepitia hili? Tiki za bluu ninaziona. Aliyejibu ni mmoja tu, kwa picha ya maua na "asubuhi njema". Naogopa watamkata mguu.

Leo tumetoka kusafisha kidonda, mama akalala. Nikaandika, "Mama amepumzika." Nilimaanisha usingizi. Sikukumbuka kwamba hata kwa aliyekufa tunasema hivyo hivyo.

Dakika haikupita. Pole, mishumaa, "apumzike kwa amani". Dada mmoja wa Kifanya, aliyekaa na swali langu siku mbili bila kulijibu, akauliza mazishi lini ili washone sare.

Sare.

Mama alipoamka akataka nimsomee pole zote. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe wananipenda hivi? Waambie nipo, halafu uwaulize tena kuhusu kidole."

Nimewaambia. Nimeuliza tena.

Wote wamesoma.