Gitaa la Besi Nililosema Limeoza

S.L.P. 1187,
Kihonda, Morogoro.
Jumatatu, 18 Agosti 1997

Mpendwa mdogo wangu Salehe,

Marahaba, maana najua ungekuwa hapa ungekwishanipa shikamoo yangu. Hujambo huko Uswidi? Kifua kimepona? Tangu Mama asomewe kwamba baridi inakuingia mpaka kwenye meno, hali chakula bila kukutaja. Sisi tu wazima. Shemeji yako Mwajuma mzima, watoto wanakwenda shule, na wiki nzima ukungu haujabanduka mlimani.

Mimi ni mzima wa mwili tu. Tangu Februari, mwenye kiwanda mpya alipotupunguza kazini, situlii. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye mashine ya kufuma, halafu naambiwa nikae. Nikaezua banda la kuku, nikaliezeka upya. Nikachimba shimo la taka, nikalifukia, nikachimba jingine. Mwajuma akaniambia, "Baba Rehani, hata ardhi nayo huchoka."

Katika kuhangaika huko nikavuta gitaa lako la besi kutoka uvunguni, pale uliponiachia mwaka 1989. Nilitaka kulifuta vumbi tu. Ndani ya mfuko nikakuta kile kitabu chako cha nyimbo za roki.

Hakina noti kama za kwaya. Kina mistari minne, na juu ya mistari kuna tarakimu. Mstari ni uzi, tarakimu ni mahali pa kukandamiza kidole, na sifuri maana yake uache uzi wazi. Kiwandani nilizoea kusoma karatasi za michoro ya kufuma, zimejaa vijiraba na namba, kwa hiyo sikuogopa. Spika sina. Nikaegemeza pembe ya gitaa kwenye kabati la nguo, mbao zikanguruma. Mwajuma akauliza kutoka uani, kabati linakoroma nini.

Wiki tatu nikaupiga wimbo wa tatu, na wiki tatu ukasikika kama gunia la sufuria linaporomoka ngazi. Siku moja jirani yetu Regina, anayefundisha kwaya parokiani, alikuja kuazima kinu. Akasimama nyuma yangu akatazama kitabu.

"Kaka Hatibu, mstari wa chini ndio uzi mnene. Wewe umeanzia juu."

Kumbe siku zote hizo nilikuwa naupiga wimbo wa watu kichwa chini, miguu juu!

Mwezi wa sita nikamwendea Mikaeli, yule mliyekuwa mkipiga naye zamani. Sasa ana bendi yake, wanapiga ukumbini kila Jumamosi, na mpiga besi wake amekimbilia Dar. Siku hizi kanda za nje zinauzwa kila kibanda, vijana wanavaa fulana za mitumba zenye picha za wanamuziki wa roki, na ukumbini wanadai nyimbo hizo hizo. Mikaeli akanikaribisha mazoezini. Nilipiga kila tarakimu, sikukosa hata moja. Katikati, kijana wao wa ngoma, Frank, akaweka vijiti chini.

"Mzee, unapiga namba. Wimbo wenyewe uko wapi?"

Wakacheka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikalisukuma gitaa uvunguni.

Lakini Frank alisema kweli. Wimbo wenyewe nilikuwa sijawahi kuusikia! Kitabu kinakuambia kidole kiende wapi, hakikuambii kikae pale muda gani. Nikaisaka ile kanda sokoni na stendi mpaka nikaipata. Nikakaa na redio kaseti uani, betri zikiisha naanika juani, zikipata nguvu naendelea. Salehe, ile sauti ya tatu, ambayo mimi nilikuwa naikimbiza, yule mpiga besi wa kwenye kanda anaishikilia. Anaishikilia mpaka unadhani ameisahau, ndipo anaiachia. Mwajuma anasema nililia. Mimi sikumbuki.

Mwezi wa saba nikarudi mazoezini. Safari hii Frank hakusimama mpaka wimbo ukaisha. Mikaeli akasema Jumamosi ya tarehe kumi na sita nitapanda jukwaani.

Alhamisi, siku mbili kabla, akabisha hodi rafiki yako Twalibu, aliyekuja likizo kutoka huko, na barua yako mkononi. Nimeisoma mara nyingi. Umesema miaka minane hujashika chombo cha muziki, kwamba kuta za jiko unamooshea vyombo zinakula roho, kwamba unataka kushika kitu kilichotoka nyumbani, nimpe Twalibu gitaa akuletee.

Gitaa lilikuwa chumbani, limeegemea kabati. Nikamwambia, "Lilioza. Masika maji yaliingia ndani, shingo ikapinda, nikalitupa."

Twalibu akainama kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie kaka yake anasikitika."

Mwajuma alileta chai. Mgeni alipoondoka ndipo akanigeukia. "Umelizika gitaa lingali hai. Utamwandikia wewe, au nimwandikie mimi?"

Jumamosi nilipiga. Sikukosea. Ile sauti ya tatu niliishikilia mpaka nikamwona Frank anatabasamu. Lakini macho yangu yalikuwa mlangoni, na kila aliyeingia nilimwona Twalibu. Watu wakashangilia, "Mzee! Mzee!" Nikashuka jasho likinitoka, nikamwambia Mikaeli Jumamosi ijayo sitakuwepo. Amenikasirikia, na ana haki.

Basi barua hii siipeleki posta. Kesho alfajiri napanda basi la Dar, nimwahi Twalibu kabla hajapanda ndege keshokutwa. Nitamwambia mbele ya watu wa kwao kwamba nilisema uongo. Ukiisoma, ujue umeitoa katika mfuko wa gitaa lako. Uzi mnene umechakaa kidogo, huo ni mkono wangu. Nisamehe, mdogo wangu. Ulinipa amana, nami nikakuibia huku nakusikitikia. Hata sasa mkono wa kushoto unatembea pembeni mwa karatasi hii, haujaambiwa kwamba gitaa linaondoka.

Mama anakusalimu sana. Dada Sabra wa Kisaki naye anakusalimu, amejifungua mtoto wa kike. Mwajuma anasema lipige gitaa, usilitundike ukutani. Mwenyezi Mungu akulinde na baridi ya huko na ya moyoni.

Ni mimi kaka yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Hatibu

N.B. Kitabu usikitafute mfukoni. Nimekizuia, na kwa hilo siombi radhi. Bado nyimbo kumi na moja.