Chupa ya Pili

Jumamosi, 28 Septemba 2024

Bilele – Muleba – Kemondo – Bilele. Kilomita 141. Mvua hakuna.

Naandika kilomita na mvua kwa mazoea tu. Miaka thelathini na moja nimepima mvua na kukagua mibuni pale kituo cha kilimo Maruku, na mkono wangu bado haujui kama nimestaafu.

Leo ilikuwa safi! Omary mbele, mimi nyuma. Pikipiki lake linaunguruma vizuri kuliko langu, na lazima liungurume – mwenye duka la spea akiwa na pikipiki bovu nani atanunua kwake? Muleba tumekula, tumegeuza, saa kumi tuko Kemondo kwa Kokuhirwa. Viti vilevile, tunaangalia bandari. Mimi bia ya chupa kubwa, Kokuhirwa ananitolea ile ya chini kabisa ya friji. Omary tangawizi. Pombe hajaionja tangu azaliwe, na hajawahi kuninunia mimi ninayekunywa.

Udhaifu wake ni siga. Mpwa wake anafanya kazi melini, alimletea boksi zima, nene kama vidole gumba. Tunawasha moja tu, tunapokezana. Nilimwambia tunafanana na mawaziri. Akasema mawaziri wa wizara gani, ya vumbi? Zimebaki saba.

Halafu kamwani, ile kahawa ya kutafuna. Anapasua ganda moja, punje moja yake, nyingine yangu. Bibi yake Mhaya ndiye aliyemfundisha. Wazee walikuwa wanaapishana udugu hivyo, omukago, kwa damu kabisa. Sisi damu hatuweki, presha zinatutosha. Lakini Omary kila mara lazima akumbushe: mliogawana punje hamdanganyani, wewe na nyumba ya mwenzako, yeye na nyumba yako. Nikamwambia kula, mhubiri.

Kanuni yake: siga moja, chupa moja, saa kumi na moja tunawasha pikipiki. Yeye mbele, kwa sababu ndiye asiye na kitu kichwani.

Jumapili, 6 Oktoba

Omary amekufa. Jana jioni.

Tumemzika leo baada ya Adhuhuri. Watu wengi mno. Nilishika koleo na mimi, hakuna aliyenizuia.

Lori la ndizi liliharibika kwenye kona, upande wetu wa barabara. Giza lilikuwa limeshaingia. Taa hawakuwasha, hata matawi hawakuweka nyuma. Yeye alikuwa mbele. Mimi nilisikia tu kishindo.

Asubuhi kabla ya mazishi binti yake, Nuriat, alinijia barazani. Mama anauliza mbona mlichelewa, yeye huwa anaingia hapa kabla ya Magharibi. Nikasema pancha. Tairi la nyuma la Omary, tukahangaika kutafuta wa kuziba. Limetoka lenyewe mdomoni. Wanaume waliokuwa karibu wakatikisa vichwa, wakasema ajali haina kinga.

Basi.

Jumatano, 9 Oktoba

Hapakuwa na pancha.

Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Saa kumi na moja ilipofika Omary alisimama, akavaa kofia lake ngumu. Chupa yangu ilikuwa imekwisha. Lakini ziwa lilikuwa zuri, bia ilikuwa baridi, mwili umelegea baada ya safari – nikamwita Kokuhirwa aongeze moja. Omary akasema Sospeter, mwanga huo unakwisha. Nikasema nusu saa tu, unakimbilia wapi, wewe mke wako ni mmoja kama wangu. Akacheka! Akavua kofia, akakaa, akaiwasha upya siga iliyokuwa imezimika. Hakukasirika hata kidogo. Nusu saa ikawa masaa mawili, maana chupa ya pili niliinywa polepole, kwa raha zangu.

Asiyekunywa ndiye aliyekufa. Mimi niliyekunywa nimefika nyumbani sina hata mchubuko.

Na si hivyo tu. Nikasema pancha ni ya tairi lake. Ningeweza kusema ni langu. Hata kosa la kuchelewa nimemtwika marehemu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimejaribu. Sikufika Muleba, nimeishia Kemondo. Kilomita 44. Manyunyu.

Ile kona nimeipita nikiwa naangalia upande mwingine, nusura niingie mtaroni.

Kokuhirwa akaleta bia na tangawizi, zote mbili, kwa mazoea. Akajishtukia, akataka kuiondoa tangawizi, nikamwambia iache. Bia sikuigusa. Ikapata joto pale mezani. Tangawizi nikanywa mimi. Nikalia kama mtoto mbele ya watu wawili waliokuwa wanacheza drafti.

“Bojo, pole, Sospeter,” akasema Kokuhirwa. Akavuta kiti. Kisha polepole: “Huko kwao wanasema ilikuwa pancha.”

Nikaangalia bandari.

“Mimi nikiulizwa nitasema nilichokiona. Sijaulizwa.”

Hakunilipisha. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Misa sikwenda, nimesingizia mafua.

Mke wangu Serafina alipitia kwa Ashura, mjane wa Omary, baada ya kanisa. Karudi macho mekundu. Anasema Ashura yupo ndani na eda yake, amekonda, lakini anazungumza. Na anachozungumza ni pancha! Anawaambia wanawake wote wanaokuja: ona jinsi Mungu anavyoandika, msumari mmoja tu barabarani. Anasema msumari unampa nafuu. Ungekuwa uzembe wa mtu, asingelala.

Halafu Serafina akaniambia ametumwa neno kwangu. Arobaini ni Jumatano ya tarehe kumi na tatu. Baada ya kisomo wanaomba mimi, rafiki yake wa mwisho kumwona, nisimame niwaeleze watu siku ile ilivyokwenda.

Nikasema sawa. Serafina akaniangalia sana. “Baba Clavery, hayo mafua yako yako wapi? Mbona hupigi hata chafya?”

Jumatano, 6 Novemba

Nimeandika hotuba. Nimechana. Nimeandika nyingine, ina pancha ndani, inasomeka vizuri kweli. Nimechana na hiyo.

Nikisema ukweli namnyang'anya Ashura msumari wake. Nisiposema, nasimama mbele ya watu wanaomwombea Omary nikimsingizia tena, safari hii kwa sauti.

Nimemkumbuka leo hadi mbavu zinauma. Hakuna mtu mwingine mjini hapa wa kunikatiza ninapoanza habari za Maruku.

Jumapili, 10 Novemba

Nimemwendea padri. Kanisikiliza, kanipa rozari. Nikamwuliza je, yatosha? Akasema kwa Mungu yatosha. Kwa mjane, hilo nimwulize mjane.

Jumanne, 12 Novemba

Saa kumi na robo alasiri. Naandikia barazani kwa Omary, Bilele. Daftari lilikuwa mfukoni mwa koti la safari, kalamu pia. Nisipoandika nitainuka nikimbie.

Nuriat alinipigia saa nane. Baba mdogo, mama anakuita, uje peke yako. Nikajua ni habari za kesho. Nimekuja na hotuba ya tatu, fupi, ina pancha.

Ashura hatoki, yuko kwenye eda. Kiti changu wamekiweka barazani karibu na mlango, yeye yuko upande wa pili wa pazia, Nuriat amekaa naye. Namsikia tu. Nilijiona niko kwenye kitubio, ila huku padri amevaa nyeupe ya msiba.

Akanisalimia vizuri. Akauliza hali ya Serafina. Akamtuma Nuriat alete lile boksi. Zimo siga sita. “Chukua, shemeji. Hapa nani atazivuta?” Boksi liko mapajani mwangu. Linanuka yeye.

Halafu akasema polisi wameachia pikipiki, wiki iliyopita. Faruku amelifungua. Faruku ni mpwa wao mwingine, fundi wa palepale dukani. Alitaka kuokoa kinachofaa. Mbele hapafai kitu. Nyuma pazima.

“Tyubu ya nyuma ni mpya, shemeji. Omary aliiweka mwenyewe Ijumaa ile, Faruku alimshikia taa. Haina kiraka. Haijatobolewa hata na mwiba.”

Duniani kuna uongo wa kila aina. Ningesema mvua. Ningesema tumbo. Mimi nikachagua pancha, nikawapelekea watu wanaouza tyubu!

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema basi labda lilikuwa tairi la mbele. Naapa nilikuwa nataka kusema hivyo.

Kabla sijasema, Nuriat akatoka na kisahani. Kamwani moja tu katikati. Akakiweka kwenye stuli. Mkono wa Ashura ukapita chini ya pazia, ukaichukua, ukaipasua. Punje moja ikaingia naye ndani. Ya pili akairudisha kwenye kisahani, akakisukuma kuelekea kwangu.

Nikamsikia anatafuna.

“Omary alikuwa anafanya hivi na wewe,” akasema. “Aliniambia maana yake. Sikuulizi ili nigombane, shemeji. Kesho watu watanisomea mume wangu, nataka nijue ninamwombea mtu aliyekufa vipi. Ngoja niswali Alasiri. Nikimaliza, ukiwa umeila, nieleze. Ukiwa hujaila, nenda tu, na kesho usisimame. Sitamwambia mtu.”

Kwa hiyo ninaweza kuondoka. Pikipiki langu liko hapo getini, funguo ninazo. Sitaulizwa tena maisha yangu yote. Amenifungulia mlango huo yeye mwenyewe, kwa upole, na ndiyo maana bado nimekaa.

Nuriat amekaa kizingitini, haniangalii. Amefanana na baba yake anapojifanya haangalii.

Alimngoja mtu amalize bia. Ndivyo alivyokufa. Alikuwa amekaa anacheka, anamngoja rafiki yake. Hilo nalo Ashura halijui, hilo la kucheka. Nikienda nalo, hatalijua kamwe.

Hotuba nimeikunja ndogo nikaitia chini ya siga.

Anatoa salamu. Nimesikia mkeka unakunjwa.

Punje ni chungu. Nilikuwa nimesahau jinsi ilivyo chungu mwanzoni. Pazia limetikisika, anakaa –

“Shemeji,” nimeanza. Naweka kalamu.