Wino kwa Kidole cha Mukundwa

Baba Mukundwa,

Maharagi iko kwa mbabura. Ongeza maji, usiniunguzie sufuria.

Jana ulisema umepeleka mutoto kwa matone ya polio, ukanionyesha kwa kidole chake ile wino wanapaka watoto wakishapewa. Leo nikimuosha, wino yote imetoka na sabuni. Ya mutoto wa Dancille, jirani, iko palepale.

Bon. Wenzako wa maombi wanasema chanjo ni kukosa imani. Ungeniambia, tubishane. Mungu wenu anakataza dawa, uongo anaruhusu?

~~Ninarudi kwetu Rubona.~~ Ninamupeleka mi mwenyewe, watu wa matone wanamaliza leo saa sita.

Kalamu yako ya Bic nimeikuta kwa mufuko wa suruali. Iko hapa. Ukipata jibu, andika kwa karatasi hii, si kwa mutoto.

Mama Mukundwa