Ubatizo na Sikio Langu

Kasulu, Jumapili

Dada yangu Esteri,

Mwidiwe, nawasalimu nyote huko Mabamba. Huku maharage yamestawi, na Melkiadi wangu ameanza kutembea.

Uliuliza habari za sikio langu, nami nikaahirisha kukujibu. Dada, limetoboka tena. Daktari aliiziba ngoma ya sikio vizuri, kwa utando alioutoa nyuma ya sikio hilohilo, akanionya: "Maji yasiingie, wala usipenge kamasi kwa nguvu, mpaka nikuone tena."

Ubatizo ukafika kabla sijarudi kwake. Niliona haya kumwambia mchungaji, nikihofia waumini watasema imani yangu ni haba. Nikazamishwa mtoni pamoja na wenzangu. Haukupita muda, usaha ukaanza kutoka.

Juzi nilirudi kwa daktari nimeinamisha uso, nikamweleza habari ya ubatizo. Hakunigombeza. "Tulikaushe kwanza, baadaye tutarudia upasuaji," alisema. "Lakini mchungaji alijua?"

Leo baada ya ibada nilimweleza mchungaji. Alishika kichwa.

"Tungekungoja, Odilia. Mto ule haukauki."

Nililia mbele ya watu, dada. Mama msalimie, ila hili usimwambie bado.

Ni mimi mdogo wako,
Odilia