Ukuta wa Masale

Dada Rehema, shikamoo. Huku Kirua Vunjo kuna baridi, na mtori naunywa mpaka tumbo linaomba huruma.

Tunachora ramani ya kijiji kwenye kompyuta pamoja na wenyeji. Mimi nikayachora masale, ile mimea ya mpakani mwa shamba la Mzee Eliakimu, kama ukuta. Alipoona akawaka: “Umenizibia njia ya kwa jirani! Masale yanaonyesha mpaka, hayamzuii mtu!”

Huku ukimkosea mtu unampelekea jani la sale kumwomba radhi. Nikalichuma kwenye masale yaleyale niliyoyafanya ukuta, nikampa. Alicheka mpaka kofia ikadondoka. Ukuta nimeufuta kwenye ramani.

Jani jingine nimelibandika hapa chini, kwa yale maneno niliyokutupia siku naondoka. Lipokee, dada. Nakupenda hata ukinuna.

Mdogo wako, Asha