Boti Uliyonitengenezea Nivuke Athi

Mpendwa Baba Ndunge,

Mvua imenyesha tangu alfajiri na mto nausikia nikiwa jikoni. Nimekukumbuka, nikaona nikuandikie, hata kama huko uliko hakuna posta.

Unakumbuka nilivyokuwa nikinyong'onyea kila mvua zikianza? Ulinioa nikaja huku Makueni, mama yangu akabaki Kitui, ng'ambo ya Athi. Mto ukijaa, hatuonani tena mpaka maji yapungue. Mwaka ule habari zilipokuja kwamba mama hainuki kitandani, hukuniambia hata pole. Ulifunga ng'ombe kwenye mkokoteni ukaenda Matiliku, ukarudi na boti.

Boti gani hiyo! Ya faibaglasi, iliyoachwa nyuma ya duka na watu wa kupima maji, kuku wa mwenye duka wakawa wanatagia ndani. Mbao za sakafu na za nyuma zilikuwa zimeoza, ungezichota kwa kijiko. Na wewe fundi wa vitanda na mikokoteni, boti hujawahi kuigusa, kuogelea hujui. Nilikuonea huruma, nikakupenda zaidi.

Ulizing'oa zote, ukaweka mpya. Kisha ukafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya: ukazipaka oili chafu ya lori, kama nguzo za ua, ili mchwa wasizile. Juu yake ukatandaza kitambaa cha faibaglasi na gundi. Kesho yake ulivuta pembeni kidogo, kikabanduka chote kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kumbe gundi haishiki penye mafuta. Jirani yetu Mutiso alicheka hadi akaegemea mti.

"Sasa Baba Ndunge, hiyo mchwa itaogelea mpaka kwa boti?"

Wewe hukucheka. Mawingu yalikuwa yameshajikusanya upande wa Mbooni. Gundi ilibaki nusu mkebe, mbao kavu zimekwisha, na mbichi hazingefaa. Ulisimama mlangoni ukiangalia kitanda chetu, kile ulichonitengenezea tulipooana, mbao tupu zisizopakwa kitu.

"Toa godoro," nikakuambia.

"Na wewe Mama Ndunge utalala wapi?"

"Pale utalala wewe."

Ukang'oa zile mbao za oili, ukakwangua mafuta yote, ukakata kitanda, ukaanza upya. Mto ulipojaa, Mutiso yule yule alishika ukingoni kamba ya katani tuliyofunga kwenye boti, mimi nikaketi ndani, wewe ukashika makasia, midomo ikitetemeka kwa zaburi. Tulivuka, na boti haikuingiza hata kikombe cha maji.

Siku hizi watu wananiambia nitazoea. Sijazoea. Asubuhi ndiyo mbaya, nikinyoosha mkono nikakuta shuka tu. Lakini moyo wangu umetulia, kwa sababu nilipendwa, tena na mtu ambaye maneno ya mapenzi yalimshinda.

Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Siku ile ulibaki mtoni ukilinda boti, mimi nikaenda kwa mama, na niliporudi kwako nilikuwa nalia tu. Mama alifumbua macho akanitambua.

"Mwanangu, mto si umejaa? Umepitia wapi?"

"Nimeletwa na mume wangu," nikamjibu.

Akanishika mkono. Akasema, "Basi nimekuacha mahali pazuri."

Pumzika, mume wangu. Acha nitoke nikinge maji.

Mkeo,
Mama Ndunge