Mtoto Hakuja, Imekuja Barua

Lushoto, milimani Usambara

Kwa dada yangu Mwajuma, mama yangu wa pili,

Shikamoo, dada. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza najua umeipokea umekunja uso. Ulikwenda stesheni ya Tabora kumpokea mwanangu Mwanaidi, na Mzee Hamisi muuza asali akashuka na mkewe bila mtoto, akakupa bahasha hii. Usimkasirikie mzee wa watu. Alikuja kumchukua kama ulivyomwagiza, na vinguo vya mtoto nilikwisha kuvifunga. Aliyekataa ni mimi. Kaa kitako, mwite mtu akusomee polepole, nikueleze.

Kwanza hali zenu. Mguu wa mama umepata nafuu? Mahindi yamesimama au jua limeyala? Huku mimi na mtoto tu wazima. Mke wangu Mariamu yuko palepale, amelazwa hospitali ya misheni Bumbuli kwa ajili ya kifua. Wanasema anaendelea vizuri, ila atarudi lini hawasemi.

Kazi ya udobi inakwenda. Najisifu kidogo, dada, univumilie: katika mji huu hakuna kola inayosimama bila ruhusa yangu. Wakubwa wa boma wakienda kuwahukumu watu, wanakwenda na pasi yangu. Na mwandiko huu unaousikia ukisomwa ni wa darasa la tatu, lakini karani wa boma anauonea wivu. Mimi nimefika Burma vitani nikarudi na masikio yote mawili. Lakini Burma hapakuwa na mtoto anayejifunza kusema.

Anaamka kabla ya jogoo. Nikiwasha mkaa wa pasi, anaanza: "Moto." Ndiyo, moto, usiguse. "Moto." Nimesikia, mama. "Moto." Basi namfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake, asije akashika pasi, napiga pasi nguo za watu hivyo hivyo, yeye akinivuta sikio. Jirani yetu Mama Paulo, Mshambaa wa kanisani, alinikuta hivyo akaniuliza, "Baba Mwanaidi, umejifungua lini?"

"Jana," nikamwambia, "na wewe hujaniletea hata uji."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni akaleta uji kweli. Tangu hapo mtoto anashinda na wanawe, na maneno anayachanganya. Akitaka maji anaomba kwa Kishambaa, nikichelewa anaomba kwa Kiswahili, nikichelewa zaidi analia, na kilio hakina kabila.

Lakini neno lake kubwa amelipata kazini kwangu. Miezi hii ukungu unashuka asubuhi na hauondoki, nguo zinaning'inia kambani siku nzima na jioni ukizishika zimelowa kuliko asubuhi. Wateja wanakuja: dobi, shati langu? Bado, bwana. Kaptula zangu? Bado. Siku moja karani alikuja, na kabla sijafungua mdomo kichwa kikatokeza begani kwangu: "Bado."

"Dobi," karani akasema, "umeajiri msaidizi?"

"Huyu ndiye mkubwa wa kazi, bwana. Msaidizi ni mimi."

Basi sasa hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Umeshiba? Bado. Tulale? Bado.

Nakuchekesha, dada, lakini nimechoka. Si mikono. Mikono yangu unaijua. Nimechoka kwa kusikiliza, na kwa kuogopa moto, na kwa kujibu peke yangu maneno ambayo mama yake angeyafurahia. Juzi nililala nimesimama, pasi mkononi, na kilichoniamsha ni harufu ya shati la mwalimu likiungua. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Nikaiweka pasi mbali, nikamfungua mgongoni. Ndipo niliposema dada alinena kweli, mwanamume hawezi kulea, aende Tabora.

Jumapili tukapanda lori kwenda Bumbuli, akamuage mama yake. Wagonjwa wa kifua wanakaa barazani, na watoto hawaruhusiwi kuwasogelea, kwa hiyo tulisimama uani, hatua kadhaa mbali. Mariamu alikuwa amejifunika blanketi, uso umebaki macho. Mwanaidi akajificha nyuma ya mguu wangu. Nikamwambia, "Msalimie mama." Akasema, "Kamoo," vile vile anavyowaambia wateja.

Mariamu akaitikia. Kisha akasema, "Mwanaidi, mwanangu, umenisahau?"

Mtoto akamtazama sana. Akasema, "Bado."

Baraza zima likacheka, muuguzi naye akacheka. Mariamu alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena.

"Baba Mwanaidi, umesikia?"

"Ni neno lake la kazini. Humwambia kila mtu."

"Najua. Lakini akienda Tabora, siku atakayorudi nikamwuliza tena, atanijibu nini?"

Mimi, dada, mwenye jibu kwa kila mtu tangu Tabora mpaka Burma, nilimbeba mtoto nikarudi kwenye lori. Tuliporudi nikakifungua kile kifurushi cha nguo.

Kwa hiyo sikuletei mtoto. Nakuomba uje wewe. Umenizoea nikijigamba, kuomba sijazoea, basi lipokee ombi hivi lilivyo. Wewe ndiwe shangazi yake, na ndiwe uliyenibeba mimi mgongoni. Kaa nasi mpaka mama yake atoke, Jumapili tuwe tunampeleka akamwone. Mzee Hamisi atakueleza njia: treni mpaka Morogoro, lori mpaka Korogwe, kisha Mombo. Hapo Mombo utanikuta nimesimama, mtoto mgongoni, wapagazi wananicheka. Chukua shuka nzito. Kanga zako nitazipiga pasi mpaka mabibi wa boma waulize umetoka Ulaya gani.

Mama mpe shikamoo yangu, umwambie asiukaze ule mguu kwa ubishi. Shemeji, mume wako, mwombe radhi kwa niaba yangu, maana namnyang'anya mpishi. Mdogo wetu wa mwisho mwambie aache kuvaa koti langu. Mariamu anawasalimu kutoka barazani kwake.

Nimemwuliza Mwanaidi sasa hivi kama shangazi amefika. Jibu lake unalijua.

Ni mimi mdogo wako,
Saidi, dobi